Mti Kipara wa Fundi wa Miiba

Mwezi uliopita nilipata kazi ya wiki tatu kwenye shamba la matunda, upande ule wa baridi ambako mlima huonekana mzima alfajiri kabla mawingu hayajaamka. Siku ya kwanza msimamizi, kijana mwenye buti ambazo zilikuwa bado hazijajuana na matope, alitusimamisha mbele ya mstari wa blakiberi zisizo na miiba. Akashika ufito mmoja uliomfika kifuani, akaukata ncha kwa mkasi.

"Mkikuta umefika hapa, kata. Mtu asiniulize kwa nini."

Sikuwa na haja ya kuuliza. Harufu ilikuwa imeshanifikia. Ufito mchanga wa blakiberi ukikatwa hutoa harufu kali ya kijani, kama maganda ya njegere yaliyopondwa kwenye sufuria, na harufu hiyo ilikuwa haijaingia puani mwangu tangu utotoni. Nilisimama pale na mkasi wangu kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la nyumbani katikati ya soko la wageni.

"Mimi najua kwa nini," nikasema.

"Umesomea wapi, mathe?"

"Isiolo."

"Isiolo kuna chuo cha matunda? Si huko ni ngamia tu?"

Mstari mzima wa wafanyakazi ulicheka, nami nikacheka kuwapita. Shule niliiacha darasa la saba. Tangu hapo nimewapikia wajenga barabara, nimefunga maua ya kupelekwa ng'ambo, nimekaa miezi minne kando ya Ziwa Turkana kwa sababu tu niliambiwa maji yake hubadilika rangi. Mengi niliyofundishwa njiani nimeyasahau. Hilo la ncha sikulisahau, labda kwa kuwa mwalimu wangu alikuwa na pembe na ndevu.

Baba alikuwa fundi wa fensi za miiba. Mliokulia kwetu hamhitaji kuelezwa. Wengine nitawaambia kwamba Isiolo kitu kisicho na fensi ni mali ya mbuzi, hata kama ulikinunua wewe. Sukuma wiki, pazia la mlango, shati kwenye kamba, daftari la hesabu, vyote vina ladha. Kwa hiyo Baba alitoka asubuhi na mkokoteni wa punda, akaenda kukata migunga, akarudi na mlima wa matawi nyuma yake, akawazungushia watu nyumba, bustani na mazizi. Alikuwa Mturkana. Mama alikuwa Mmeru kutoka huko juu kwenye migomba. Waliongea Kiswahili wao kwa wao, na kila mmoja alimtukana punda kwa lugha ya kwao.

Siku zisizo za shule nilipenda kumfuata. Alinifundisha kwamba tawi la fensi halichukuliwi tu, huchaguliwa.

"Usiangalie juu, mama," aliniambia. Aliniita mama kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, Akiru. "Huko juu mgunga umelegea. Angalia hapa chini, mahali mbuzi anafika. Hapa umechokozwa mpaka ukakasirika. Ona."

Na kweli, matawi ya juu yalikuwa na miiba mifupi, lakini yale yaliyotafunwa na mbuzi yalikuwa na miiba mirefu kuliko kidole changu, myeupe kama mfupa. Nililiweka hilo kichwani, na humo kichwani likaanza kuota mizizi bila mimi kujua.

Alinionyesha pia siri ya lango. Lango la fensi ya miiba ni tawi moja kubwa. Shina lake hukaa upande wa ndani na matawi hutazama nje, ili aliye nje aone miiba tu na asipate pa kushika. Fundi mwenyewe ndiye anayejua kulisukuma na kulivuta kutoka nje kwa mti wake mrefu wenye ndoano. Jioni Mama alimkalisha Baba mlangoni penye mwanga, akakichukua kiganja chake kama mtu anayesoma barua, akamchokoa miiba kwa pini. Walizungumza habari za siku nzima namna hiyo. Kila mwiba ukitoka Mama alisema, "Huyu naye," kama anayemfukuza mpangaji.

Basi ule mti wetu wa blakiberi ulikuja kwa njia ya kazi hiyo ya fensi. Baba alimjengea fensi bwana shamba mmoja ambaye alihamishwa kituo hata kabla matawi hayajanyauka. Wakati wa kuaga, yule bwana akampa kopo la rangi lenye mche ndani. Akamwambia ni blakiberi, inazaa tunda jeusi tamu, na haina miiba. Baba alidhani anataniwa. Akapitisha kidole kwenye ufito kutoka chini hadi juu. Akarudia. Akaupitisha kwenye shavu. Alirudi nyumbani amekumbatia lile kopo kwa mikono miwili, punda akiongoza safari peke yake.

Nyuma ya nyumba, kwenye ukuta unaopata kivuli mchana, Mama alikuwa na tuta lake la sukuma wiki. Baba aliinama kando ya tuta hilo akaanza kuchimba.

"Hiki ni nini?" Mama akauliza.

"Ni mti wa matunda."

"Na maji yake yako wapi? Umeyabeba kwenye kopo pia?"

Swali lilikuwa na haki. Bomba lilileta maji siku mbili kwa wiki, na siku nyingine lilikohoa tu. Maji ya kuoshea vyombo yalikuwa ya sukuma, na ile sukuma ndiyo iliyokuwa mboga yetu ya kila siku.

"Sikia, Baba Akiru," Mama akasema. "Nakupa mvua mbili. Hii ndefu inayokuja, na ile fupi. Zikipita bila tunda, nang'oa, naweka sukuma. Sukuma haijawahi kutuahidi kitu."

"Mvua mbili," Baba akasema. Akanyoosha mkono, wakashikana chini ya leso ya Mama, vidole vimefichwa, kama madalali wa soko la mifugo wanapopatana bei ya ngamia. Mama alicheka, lakini sura yake ilibaki imara. Mama hakuwa mtu wa kusema nang'oa akabaki amekaa.

Kisha Baba akaujengea mti ule fensi. Nimezunguka sana, sijaona nyingine kama ile. Matawi yalipangwa safu tatu, yameshikana kucha kwa kucha. Hata mjusi alilazimika kufikiri kwanza. Na ndani ya ngome hiyo yote, mche mmoja laini wenye majani matano.

Habari zilisambaa. Wateja wake wakapita mmoja mmoja kuona. "Fundi wa miiba amepanda mti kipara!" Jina likashika, ukawa Kipara. Jirani yetu Mama Guyo, Mborana aliyefuga mbuzi watano, alikuja na kusimama kwenye fensi akichungulia.

"Salaam aleikum, fundi. Nimekuja kuona hii kipara yako."

"Aleikum salaam. Karibu, uangalie bure."

"Haina hata mwiba moja? Hata ya siri? Wallahi hii si mti, hii ni kachumbari. Inangoja mbuzi yangu ilete chumvi."

Baba alicheka kuliko wote. Lakini alasiri ile nilimwona akienda kukagua lango mara tatu.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeelewa jambo ambalo wakubwa, kwa maoni yangu, walikuwa hawajalielewa. Kipara hakuwa na miiba kwa sababu alikuwa bado hajachokozwa. Alitoka kwenye kopo la bwana shamba, huko hakuna mbuzi. Siku fensi ikilegea ataliwa siku hiyo hiyo, hajui hata kukasirika.

Dawa niliipata kwa daktari wa mifugo. Alikuja kuchanja mbuzi wa Mama Guyo, nami nikawa nimeshika kamba na kuuliza maswali.

"Ndani ya sindano kuna nini?"

"Kuna ugonjwa."

"Unawapa ugonjwa?"

"Kidogo tu, ili mwili ujifunze kupigana. Ugonjwa mkubwa ukija, unakuta wenyewe wako tayari."

Nilitembea nyumbani polepole sana, kama mtu aliyebeba yai. Kidogo tu, ili ujifunze.

Nafasi ilipatikana miezi kadhaa baadaye, mvua ndefu zilipoanza. Baba alipata kazi ya kuzungushia zizi kubwa huko Garbatulla, karibu wiki mbili. Wakati huo Kipara alikuwa na fito saba. Sita zilinifika kifuani, na ya saba Baba alikuwa ameifunga juu kwenye waya ukutani. Asubuhi ya kuondoka aliniweka mkono kichwani.

"Mama, mti nakuachia wewe. Mbuzi asiingie."

Jumamosi Mama alikwenda kufagia kanisa na wenzake. Nikaenda kwa Mama Guyo kumwomba Gurracha, mbuzi wake jike mweusi mwenye ndevu ndefu, nikasema nampeleka malishoni.

"Chukua, intala," akasema, kwa maana ya binti. "Lakini chunga, huyo tumbo yake ni ya mheshimiwa."

Nilisukuma lango kwa ule mti wa ndoano, nikamwingiza Gurracha kwa kamba fupi. "Kidogo tu," nikamwambia. Ufito wa kwanza aliuma ncha yake, kipande cha urefu wa kiganja, nami nikamvuta. Ilikwenda vizuri kabisa. Wa pili vizuri. Wa tatu, wa nne na wa tano akaongeza kipimo kidogo, lakini bado tulikuwa kwenye udaktari. Ndipo harufu ile ya kijani ikajaa mle ndani, na nafikiri ilimpanda kichwani. Ufito wa sita aliumaliza kutoka ncha hadi udongoni, mimi nikining'inia kwenye kamba nikipiga kelele, "Imetosha! Imetosha, daktari!" Wa saba ulikuwa juu, akashindwa kuufikia. Nilimtoa nje, na kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kuvuta lango kwa ndoano, nikaligeuza tu, nikalishika kwenye shina na kulifunga.

Jumatatu Mama aliona. Alisimama ameshika kiuno muda mrefu. Nilitarajia afurahi, maana sasa tuta na maji vingebaki vyake peke yake. Badala yake akaokota jani moja lililobaki chini, akalipangusa vumbi, akaliweka juu ya ukuta, sijui kwa nini.

"Utaung'oa sasa?" nikauliza.

"Sing'oi mti wa mtu akiwa safarini."

Mimi kila asubuhi kabla ya shule nilipitisha kidole kwenye fito nikitafuta miiba. Hakuna. Siku ya sita, chini ya kila mahali palipoumwa, nikaona vinundu vyekundu vyenye ncha kali, viwili hapa, vitatu pale. Niliruka pale ndani ya fensi mpaka nikachanika mguu. Chanjo imeshika! Nilikwenda shule nikiwa na siri kubwa kuliko mkoba wangu. Siku tatu baadaye vinundu vilifunguka, na ndani yake mlikuwa na majani.

Baba alirudi amefunikwa na vumbi jekundu. Mama alimpokea na maji ya kunywa, kisha akamwambia akiwa bado na kikombe mdomoni, kwa sauti ya kusoma taarifa ya msiba.

"Kipara ameliwa. Nimeona manyoya meusi kwenye miiba. Ni mbuzi wa jirani. Nenda ukaseme naye, lakini useme naye kwa upole."

Baba aliweka kikombe. Hakuingia kwa Mama Guyo, alikwenda kwanza kwenye fensi yake. Mti hakuutazama kabisa. Alilitazama lango, akachuchumaa, akaligusa shina lililokuwa limetokeza nje.

"Lango hili limegeuzwa, likafungwa na mtu aliyeshika shina akiwa nje," akasema. "Mbuzi anajua kufungua. Mbuzi hajui kufunga."

Wote wawili wakageuka kunitazama.

Nilieleza yote, nikilia na kuongea pamoja: matawi ya chini, kukasirika, sindano, ugonjwa kidogo. Nilieleza kwamba bila mimi Kipara angebaki mjinga. Nilipofika kwenye Gurracha kuwa daktari, mabega ya Baba yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia, nikaogopa kuliko ninavyoogopa kiboko.

"Na hiyo miiba," akauliza, hawezi kumaliza, "hiyo miiba iliota?"

"Ilianza. Halafu ikageuka majani."

Alikaa chini. Alicheka mpaka punda akaitikia. Mama alijaribu kunikaripia, akaanza sentensi mara tatu, ya tatu akakimbilia ndani na leso mdomoni. Sikupigwa. Adhabu yangu ilikuwa kumbebea Kipara maji, kikombe cha asubuhi na kikombe cha jioni, kutoka kwenye fungu langu la kuoga. Ni adhabu niliyoipenda.

Mvua ndefu ikapita. Vile vinundu vilikuwa vimegeuka matawi, na Kipara akawa kichaka, amejaa pembeni kama mama wa Kiborana aliyevaa nguo za sherehe. Lakini hakutoa ua hata moja. Mvua fupi ikaja, ikapita. Hakuna. Baba aliacha kumtaja mezani. Alikuwa akirudi kazini anapitia nyuma ya nyumba, kisha anampa Mama mkono wake wa miiba.

Kilichonishangaza ni kwamba Mama hakuchukua jembe. Nilidhani amesahau kuhesabu. Mimi sikuwa mtoto wa kuacha hesabu ikae vibaya, kwa hiyo jioni moja tukinywa chai nikamkumbusha.

"Mama, mvua mbili zimeisha."

Baba alipaliwa.

"Nani amekuuliza?" Mama akasema. "Na ile haikuwa mvua. Yale yalikuwa mawingu yanatema mate. Mimi nimezaliwa Meru, mvua nisiijue?"

Baada ya hapo ilinyesha siku mbili mfululizo, bati likaimba, barabara ikawa mto. Nilimtazama Mama. "Manyunyu," akasema, akiendelea kuchambua maharagwe. Nilianza kumwonea Mama huruma. Nilifikiri labda ni macho.

Mvua ndefu nyingine ilipofika ndipo Kipara alipochanua, maua meupe yenye haya kidogo ya waridi, nyuki wakatoka sijui wapi. Matunda yakaja ya kijani, yakawa mekundu. Tulionja siku hiyo hiyo, hatukuwa na subira. Mama aliuma moja, jicho likafumba lenyewe.

"Na huu ndio umekunywa maji ya sukuma yangu?"

Wiki iliyofuata yalikuwa meusi. Baba aliniita, akanisimamisha mbele ya mti.

"Angalia, mama. Huu hapa juu, mbuzi hakuufikia." Ulikuwa ule ufito wa saba kwenye waya, mrefu, mwembamba, una matunda manne kwenye ncha yake. "Sasa angalia hizi ambazo daktari wako alichanja."

Zile fito tano zilikuwa zimelemewa. Kila mahali palipoumwa palikuwa na matawi mawili matatu, na kila tawi lilikuwa na kishada chake. Baba alishika moja, akalitazama, akanitazama, kisha akachukua kisu, akainama kwenye machipukizi mapya ya mwaka huo, akakata ncha moja pale pale mbuzi alipokuwa ameuma mwaka uliopita. Hivyo ndivyo elimu ile ilivyoingia nyumbani kwetu.

Mama Guyo alipelekewa kikombe kilichojaa. Alikula akiwa amesimama, midomo ikawa ya zambarau.

"Tamu, wallahi," akasema. "Hii ni mshahara ya Gurracha nimekula. Mwambie fundi mbuzi anauliza kama kuna kazi tena."

Fito zilizozaa zilikauka baada ya hapo, kama zifanyavyo, na Baba aliomboleza kwa wiki nzima mpaka akaona zile changa zinashika nafasi. Mmoja kati ya zile changa Baba alikuwa amesahau kuukata. Ulirefuka kimya kimya, ukapenya katikati ya miiba ya fensi bila hata kujikuna, ukainamisha kichwa upande wa pili kwenye udongo wenye unyevu, na ncha ikatia mizizi. Hatukujua. Tulijua siku Mama alipokwenda kupalilia.

Nilikuwa nimebeba beseni la maji ya vyombo nyuma yake. Alifika katikati ya tuta, jembe likabaki hewani. Kati ya sukuma mbili zilizonona kulikuwa na mche mdogo, majani matatu, laini, hauna mwiba hata wa siri. Alisimama. Nami nikasimama, maji yakinimwagikia miguuni. Kisha akashusha jembe polepole, akaanza kufanya kazi pale chini akiwa amenipa mgongo, kwa muda mrefu kuliko palizi ya kawaida.

"Nenda kamwambie baba yako mti wake umevuka mpaka," akasema bila kugeuka.

Nilikimbia. Baba alikuwa akifunga mkokoteni.

"Baba! Kipara amezaa! Ameota katikati ya sukuma ya Mama!"

Aliachia kamba. "Ameung'oa?"

"Hapana."

"Amesema ataung'oa?"

"Hapana, Baba. Ameng'oa sukuma."